Mtu hapumui: jinsi waokoaji wanavyoamua kuanza, kuendelea au kuacha CPR wakiwa nje ya hospitali

Mwongozo huu nauandika kwa watu wa huku kwetu Arusha na Moshi, maguide, madereva wa Noah na Costa, bodaboda, walimu, wahudumu wa afya wa vijijini, na yeyote ambaye siku moja atajikuta yeye ndo wa kwanza kufika pale mtu kalala chini na watu wamesimama duara wanaangalia. Nafundisha huduma ya kwanza, ikiwemo CPR, yaani kumkandamiza kifua na kumpulizia hewa mtu ambaye moyo wake umesimama, na nimefanya kazi kwenye ambulensi, na kuna maswali mawili yanarudi karibu kila darasa. La kwanza, kwa nini wale jamaa walimkandamiza mzee nusu saa nzima wakati kila mtu aliona ameshaenda. La pili, kwa nini kwa yule mwingine walifika, wakamwangalia, wakamfunika. Ndugu akibaki na hilo la pili bila jibu analibeba miaka.

Kwa hiyo naeleza uamuzi wenyewe unavyofanyika hatua kwa hatua. Kama utashika kitu kimoja tu basi shika hiki: kuanza ni uamuzi wa sekunde 10, kuacha ni uamuzi wa taratibu, tena wenye sababu unazoweza kuzisema kwa sauti mbele ya mama wa marehemu.

1. Kabla hujamgusa, angalia kilichomwangusha

Barabara ya Moshi–Arusha, pale Kikatiti au Maji ya Chai, ajali ikitokea wote tunakimbilia katikati ya lami na magari bado yanakuja kasi. Mtu mmoja arudi nyuma upande magari yanakotokea, aweke matawi au triangle, apunge. Kama ni umeme usimguse mtu mpaka main switch izimwe, na kama ni waya wa nguzo umekatika kaeni mbali kabisa muwapigie TANESCO. Mtu akidondoka ndani ya shimo la choo au kisima usimfuate chini, maana hewa iliyomwangusha yeye haitakuchagua wewe, watu wawili watatu wanakufaga kwenye shimo moja kwa sababu hiyo. Na kama kanywa dawa ya shambani usimpulizie mdomo kwa mdomo, kandamiza kifua tu.

2. Sekunde 10 za kwanza

Mpige mabegani umwite kwa sauti, "Baba! Baba unanisikia?" Hajibu, mlaze chali, inua kidevu kichwa kirudi nyuma kidogo, weka shavu lako karibu na mdomo wake huku unaangalia kifua. Hapumui, au anapumua kwa namna isiyo ya kawaida, basi unaanza. Hapo hapo. Mtu wa kawaida hatakiwi hata kutafuta mapigo, sisi wenyewe tuliofundishwa mara nyingi tunakosea shingoni pale kwa sababu ya haraka na vidole vyako mwenyewe vinadunda, ndo maana hata mwenye ujuzi anapewa sekunde 10 tu na akibaki na wasiwasi anakandamiza.

Hapa kwenye kupumua naomba tukae kidogo kwa sababu ndo panapopotea watu wengi. Moyo ukisimama ghafla, mwili unaweza kuendelea kuvuta hewa kwa dakika kadhaa, lakini sio kupumua kule. Mdomo unafunguka, kidevu kinapanda, anavuta mara moja kwa kukoroma, halafu kimya, unahesabu mpaka unafika saba, nane, halafu anavuta tena. Wengine wanatingishika mwanzoni mikono na miguu ikakaza, watu wakasema kifafa hicho mwacheni kiishe. Na pale pembeni kuna mtu atasema "anapumua huyo, mpisheni apate hewa," watu wanampepea kwa khanga, mwingine anamwagia maji, mwingine anatafuta kitunguu anusishwe, na hizo ndo dakika zenyewe zinaondoka, maana ubongo ukikosa damu unaanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Ukoromaji wa namna hiyo kwa mtu asiyejibu uhesabu kama hapumui.

Wengi wanaogopa kumkandamiza mtu ambaye kumbe moyo unapiga. Hofu hiyo ipime hivi: akiwa hai atakusukuma au atalalamika na utaacha, labda atabaki na maumivu ya kifua. Akiwa moyo umesimama na wewe hukuanza, hakuna mwingine atakayemrudishia zile dakika.

3. Simu inapigwa huku mikono inafanya kazi

Mchague mtu kwa kumnyooshea kidole, "wewe dada wa gauni la bluu, piga simu uweke spika," maana ukisema "jamani mtu apige simu" hapigi mtu. 112 ni polisi, 114 ni Zimamoto na Uokoaji, 115 ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Ila tuseme ukweli, kwa huku kinachosaidia haraka ni namba ya mapokezi ya dharura ya hospitali iliyo karibu na wewe ikiwa imeshaseviwa kwenye simu yako leo, kabla ya shida. Uliye Moshi uwe nayo ya KCMC au Mawenzi, uliye Arusha ya Mount Meru au ALMC, na kama unafanya kazi mlimani unajua radio yenu na geti lenu.

4. Lini waokoaji hawaanzi kabisa

Orodha ni fupi sana na ni fupi makusudi. Hawaanzi kama kuna jeraha ambalo hakuna binadamu anaishi nalo, kichwa kimetengana na mwili, mwili umekatika katikati, umeungua wote mpaka ndani. Hawaanzi kama mwili umeanza kuoza. Hawaanzi kama mwili umeshakakamaa, na hapa tunajaribu taya na shingo kwanza kwa sababu ndo panaanza kukaza, masaa machache baada ya kifo, halafu inashuka mikononi na miguuni. Na hawaanzi kama damu imeshatuama.

Hiyo ya mwisho watu hawaijui kwa hiyo niieleze vizuri. Moyo ukisimama damu haizunguki tena, inashuka upande wa chini wa mwili. Mtu aliyefia chali kitandani unamgeuza taratibu kidogo tu, unamulika tochi ya simu mgongoni na kiunoni, unaona rangi ya zambarau iliyokolea, ila pale mabega na makalio yalipogusa godoro panabaki na rangi nyingine kwa sababu pamebanwa. Kwa ngozi zetu nyeusi inabidi uangalie kwa makini na mwanga wa kutosha, ukiangalia juu juu utasema hamna kitu. Ukiiona hiyo pamoja na taya lililokaza, kazi imeisha kabla hujafika, na ndo maana ambulensi inaweza kuja ikakaa dakika mbili ikamfunika mtu. Walikuwa wanaangalia, ingawa ndugu aliyesimama mlangoni aliona kama hawakufanya lolote.

Sasa vitu ambavyo SIO sababu ya kutoanza. Mwili wa baridi sio sababu, hasa asubuhi za mwezi wa sita na wa saba huku kwetu. Mboni za macho kupanuka sio sababu. Mtu kuwa mzee sio sababu peke yake. Kujikojolea sio sababu. Na maneno ya watu "huyo ameshakufa" sio sababu hata kidogo, muulize aliyesema kwamba mara ya mwisho alimwona anaongea saa ngapi, utashangaa jibu ni "sasa hivi tu alikuwa anakula."

Kuna kundi lingine gumu, mgonjwa aliyekuwa anauguzwa nyumbani na ugonjwa uliofika mwisho, saratani iliyosambaa kwa mfano, na familia ilishaambiwa hospitali kwamba sasa ni kumpunguzia maumivu. Uingereza kwa mfano mtu wa hivyo anakuwa na fomu rasmi iliyosainiwa na daktari inayosema moyo wake ukisimama asifanyiwe CPR, na watu wa ambulensi wakifika wanaiulizia. Huku mara nyingi unachokuta ni faili la hospitali kwenye mfuko wa rambo na mama mkubwa aliyekuwa anamuuguza. Tunauliza mambo matatu haraka wakati mwenzangu ameshapiga magoti: alikuwa anaumwa nini, daktari aliwaambia nini, na yeye mwenyewe aliwahi kusema anataka nini. Kama majibu yanakubaliana na faili linasema hivyo hivyo, kiongozi wa timu anaweza kuamua kutoendelea baada ya kuongea na daktari kwa simu. Kama majibu yanagongana, shemeji anasema hili na mtoto mkubwa anasema lile, tunaendelea kukandamiza huku tunatafuta ukweli. CPR iliyoanza inaweza kusimamishwa taarifa ikipatikana, ila ambayo haikuanza huwezi kuirudisha nyuma.

5. Kandamiza kisawasawa, la sivyo hakuna cha kuamua

Katikati ya kifua, kiganja juu ya kiganja, mikono imenyooka, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukikandamiza acha kifua kirudi chote juu kabla ya kushuka tena. Ukiwa umefundishwa unafanya mara 30 halafu pumzi 2. Hujafundishwa, kandamiza tu bila kuacha. Badilishaneni kila dakika 2 hata kama unajiona una nguvu, kwa sababu mikono inapungua kina kabla wewe mwenyewe hujajua umechoka. Mtoto unashuka theluthi moja ya unene wa kifua chake, na kwa mtoto pumzi ni za lazima maana mara nyingi tatizo lake lilianzia kwenye hewa na moyo ukafuata.

Kama kuna AED, ile mashine ya kuupiga moyo mshtuko wa umeme, kwenye uwanja wa ndege, hoteli au kambi ya wageni, iletwe mapema na iwashwe, yenyewe inaongea inakuambia cha kufanya. Moyo ulioingia kwenye mtetemo usio na mpangilio, kila dakika inayopita bila mshtuko na bila CPR nafasi ya kupona inashuka kama asilimia 7 hadi 10.

6. Uliza: nini kimesimamisha huu moyo?

Hapa ndo uamuzi wenyewe ulipo. Watu wawili wanaweza kulala chini wanafanana kabisa na mmoja anastahili saa nzima ya jasho na mwingine anastahili kitu tofauti.

Aliyeanguka ghafla mbele ya watu, sokoni Kiboriloni au kanisani, mtu wa miaka hamsini sitini, alishika kifua akadondoka, huyo ndo mwenye nafasi nzuri kama aliyekuwa pembeni yake alianza mara moja na mashine ikafika mapema. Huyo anapewa kila kitu.

Ajali ya gari ni habari nyingine. Moyo ukisimama kwa sababu damu imeisha, kukandamiza kifua kunasukuma mishipa mitupu, kwa hiyo waokoaji wanaanza na sababu: wanabana damu inayotoka kwa nguvu zote, wanafungua njia ya hewa, wenye ujuzi wanatoa hewa iliyobana pafu. Na majeruhi wakiwa wengi kuliko mikono, sheria inageuka kabisa. Mtu mzima asiyepumua, unamfungulia njia ya hewa, asipopumua unamwacha unaenda kwa yule anayetoka damu na bado anahema. Ni uamuzi mgumu kuliko yote na watu wa pembeni watapiga kelele "huyu huyu mbona mnamruka!" Ajali ya basi la wanafunzi kule Karatu, Mei 2017, walikufa watu 35, watoto 32 na walimu wawili na dereva, na watoto watatu walitoka hai. Kwenye eneo kama lile mwenye mikono miwili akikaa nusu saa kwa mmoja asiyepumua, kuna anayepumua anampoteza pembeni. Hiyo sio roho mbaya, naomba anayesoma hapa akaieleze na kwao.

Radi inageuza tena kinyume chake. Msimu wa mvua radi ikipiga watu watano chini ya mti, wale wanaolia na kulalamika wengi wao watapona, unaanza na anayeonekana amekufa. Radi inasimamisha moyo na inapooza upumuaji, moyo mara nyingi unajiwasha wenyewe lakini pumzi hairudi, na ukimpulizia hewa kwa muda anaweza kurudi kabisa. Na mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mguse.

Kuzama maji, Chemka kule Boma au Ziwa Duluti, swali la kwanza ni amekaa chini ya maji muda gani. Chini ya dakika 10 matumaini ni makubwa, ikizidi dakika 25 yanakuwa madogo sana, ingawa muda unaotajwa na marafiki waliojaa hofu uuamini kwa tahadhari. Unaanza na pumzi 5 ndo unakandamiza. Usimning'inize kichwa chini, usimbane tumbo kutoa maji, unapoteza muda na atatapika yaingie mapafuni.

Mjamzito ambaye tumbo limefika kitovuni au juu zaidi, mtu mmoja asukume tumbo kwa mikono kwenda upande wa kushoto wa mama wakati mwingine anakandamiza, maana mfuko wa uzazi unakalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Huyu hakai eneo la tukio, anaenda hospitali mapema, kwa sababu kumtoa mtoto kwa upasuaji wa haraka kunaweza kumuokoa mama pia.

7. Mlimani na baridi

Maguide wananiuliza sana kuhusu hii kwa hiyo inapata sehemu yake. Kuna msemo wa waokoaji kwamba mtu hajafa mpaka awe na joto na amekufa. Mfano unaojulikana dunia nzima ni Anna Bågenholm, daktari aliyenaswa chini ya barafu Norway mwaka 1999 kwa kama dakika 80, joto la mwili lilishuka mpaka nyuzi 13.7 na akapona. Baridi ilifika kwenye ubongo kabla hewa haijamwishia, ukapoa ukawa unahitaji kidogo sana. Ndo maana kwa mtu aliyepigwa na baridi kali unatafuta pumzi na mapigo mpaka dakika 1 nzima sio sekunde 10, na kama joto la mwili liko chini ya nyuzi 28 na hamwezi kukandamiza mfululizo wakati wa kubeba, inaruhusiwa kukandamiza dakika 5 na kutembea zisizozidi dakika 5, mnarudia hivyo. Kama kifua kimeganda hakibonyei kabisa, au pua na mdomo vimezibwa na barafu, hapo hamuanzi.

Ila tusidanganyane na huo mfano. Alichofanyiwa yule mama ni kupashwa damu kwa mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, kwenye hospitali iliyomsubiri tayari. Na wengi wanaoanguka Kilimanjaro hawajaganda, wamejaa maji kwenye mapafu au ubongo umevimba kwa sababu ya urefu, au ni moyo tu wa mtu mzima aliyekuja kupanda. Kwa asiye na baridi kali, mwongozo wa uokoaji wa porini na milimani unasema dakika 30 za CPR bila dalili yoyote ya uhai zinatosha kuacha. Fikiria mko Barafu Camp, mita 4,673, usiku, upepo, wapagazi wanne wanabadilishana na kila mmoja anahema baada ya dakika moja. Kiongozi wa timu anahesabu na wale wanne pia. Mpagazi akizimia pale kwa kuchoka una wagonjwa wawili, na usalama wa timu ni sababu halali kabisa ya kusimama, isiyohitaji kuombewa msamaha.

8. Kubaki pale au kuondoka?

Desturi yetu ni kumbeba mtu juu juu, mguu huku kichwa kule, kumtupia siti ya nyuma ya Noah na kukimbia na hazard. Njiani nusu saa hakuna anayekandamiza. Mkifika mapokezi mnakuta mmeleta mwili, na nesi anaulizwa kwa nini hawakumuokoa.

Kama timu yenye mashine na dawa imefika, wanafanya kazi pale pale walipomkuta, sakafuni, kwa sababu kwenye gari linalotembea mikandamizo inakuwa dhaifu na anayekandamiza anaweza kuumia breki ikipigwa. Ndugu wanaona wanachelewesha, wanapiga kelele "si mumpeleke hospitali!" Mwambie ndugu wazi: "Baba, kitu angefanyiwa hospitali dakika hizi ndo hiki tunachofanya hapa, tukimbeba sasa hivi tunasimamisha moyo wake mara ya pili."

Kama hakuna timu inayokuja, na kwa maeneo mengi ndo hali halisi, ushauri wangu ni huu: kandamizeni pale chini bila kuacha, wakati huo wengine waandae gari, walaze siti, watafute ubao au meza ya kuwekwa chini ya mgongo, wapige simu hospitali kusema mnakuja. Gari likiwa tayari mnamhamisha kwa kukatisha mikandamizo sekunde chache tu, analala sakafuni chali, wawili wanabaki naye wakibadilishana, dereva anaendesha taratibu bila kona za ghafla. Kukimbiza gari na mtu anayekandamiza ndani ni kuongeza maiti. Na suala la PF3, ile fomu ya polisi, lisimshike mtu wa ajali barabarani, fomu inafuatiliwa na mwingine wakati mgonjwa anatibiwa.

Wengine wa kuondoka mapema ni aliyeganda kwa baridi, aliyekunywa sumu yenye dawa ya kuiondoa hospitali, aliyepigwa mshtuko wa mashine mara kadhaa na moyo haujatulia, na bila shaka yule ambaye mapigo yamerudi.

9. Kuacha

Wewe ambaye sio mtu wa afya unaacha kwa sababu nne: ameanza kupumua vizuri au kujitikisa, amefika mwenye ujuzi kakupokea, eneo limekuwa hatari, au nguvu zimeisha kabisa. Hiyo ya nne ina aibu kubwa kwa watu na haitakiwi kuwa na aibu. Na hutangazi kifo, unasema "tumefanya tulichoweza, tumesimama," anayetangaza ni daktari.

Timu za ambulensi zina kanuni zao. Moja inayojulikana sana ilitengenezwa Ontario, Kanada, ina maswali matatu: je, moyo ulisimama mbele ya macho ya wahudumu wenyewe? Je, mapigo yamerudi wakati wowote? Je, mashine imetoa mshtuko wowote? Ikiwa hapana, hapana, hapana, nafasi ya kupona ni ndogo kiasi kwamba kumbeba hakumsaidii. Kuna ya ngazi ya juu inayoongeza kama kuna yeyote aliyemwona akianguka na kama wapita njia walimfanyia CPR. Wengine, Uingereza kwa mfano, wanaangalia dakika 20 za mstari ulionyooka kwenye mashine ya moyo, yaani moyo hauna umeme wowote, wakati matibabu yote yanaendelea. Wenye kipimo cha kaboni dayoksaidi ya pumzi wanaangalia kama iko chini ya 10 mmHg baada ya dakika 20 za CPR.

Sasa mtu asizichukue hizo kanuni akazitumia Ngaramtoni kama zilivyo. Swali la "je, mashine imetoa mshtuko" lina maana pale ambapo mashine ilikuwepo ikaangalia moyo na kusema hapana. Kama mashine haikuwepo, ile hapana haikuambii chochote kuhusu moyo wa mgonjwa, inakuambia kuhusu vifaa vyenu. Nimeona watu wenye mafunzo ya nje wakiijibu haraka haraka bila kuliona hilo. Kanuni hizi pia haziwahusu watoto, wajawazito, waliozama, walioganda au waliopigwa na radi, hao wanapewa muda mrefu zaidi.

Uamuzi wenyewe kiongozi hafanyi kimoyomoyo. Anasema kwa sauti wakati mikono bado inaenda: "Baba wa miaka sabini, hakuna aliyemwona akianguka, hakukuwa na CPR kwa dakika 15, tumefanya 30, mashine mstari ulionyooka muda wote, hakuna sababu tunayoweza kuitibu hapa. Nafikiria tusimame. Kuna mwenye wazo lingine?" Anasubiri kweli, sio kuuliza kwa kutimiza. Dereva naye anaulizwa. Mtu akisema "tuongeze dakika 2 kwanza," zinaongezwa. Halafu saa inatajwa na kuandikwa.

10. Ndugu

Wasifukuzwe. Utafiti uliofanyika Ufaransa kwenye timu za ambulensi na kuchapishwa mwaka 2013 uliangalia ndugu 570, na wale waliopewa nafasi ya kuwepo wakati wa CPR walikuwa na dalili chache za msongo wa baada ya tukio kuliko wengine. Mtu aliyeona kazi ikifanyika mara nyingi haoti ndoto za "labda wangejaribu zaidi." Ila apewe mtu wa kukaa naye anayemweleza kinachoendelea, na anayetaka kutoka atoke bila kusemwa.

Kabla ya kuacha muandae: "Mama, shikamoo, mimi ndo kiongozi hapa. Moyo wa mzee umesimama, tunafanya kazi yake kwa mikono, bado haujarudi. Nina wasiwasi hatarudi." Dakika chache baadaye unarudi, unakaa chini usawa wake, usisimame juu yake na glavu zenye damu. "Mama, pole sana. Mzee amefariki." Kwenye radio, kwa timu, mnasema mnavyosema, ila kwa mama usiseme "tumempoteza" wala "amepumzika" kwanza, kuna mtu atasikia amepumzika akauliza ataamka saa ngapi. Kama daktari hajafika, mwambie: "moyo umesimama, tumeacha, daktari anakuja kuthibitisha." Halafu nyamaza. Atalia, atauliza kitu hicho hicho mara tatu, unajibu mara tatu kwa maneno yale yale. Kama ni nyumba ya Mchaga, mjomba mkubwa atafika na ataanza upya kuuliza, umweleze upya kwa heshima, yeye ndo atakayesimamia kila kitu mpaka mazishi.

Kifo cha ajali au cha ghafla kisichojulikana sababu, polisi wanaitwa na mwili hausogezwi bila wao, mrija uliowekwa unabaki ulipo. Mfunike shuka safi, funga macho, mpishe mama akae naye.

11. Kabla hamjaondoka

Andikeni wakati bado mnakumbuka: saa simu ilipopigwa, saa ya mkandamizo wa kwanza na nani alianza, mishtuko mingapi, dawa gani, saa ya kusimama, sababu za kusimama na majina ya waliokubaliana. Kaeni dakika tano kwenye gari, kila mmoja aseme aliona nini, hasa aliyekandamiza kwa mara yake ya kwanza, maana mbavu zikivunjika mkononi mwako hiyo sauti unaisikia usiku, na mwambieni kwamba mbavu kuvunjika ni kawaida kwenye CPR iliyofanywa kwa kina kinachotakiwa. Mpita njia aliyeanza kabla yenu mtafuteni mumpe mkono na mumweleze kilichotokea, asiondoke akidhani yeye ndo kaua. Kisha badilisheni pedi za AED, hesabuni glavu, jazeni oksijeni, mwambieni wa zamu kwamba gari liko tayari.